Kabla Hujalipa Tiketi ya Barabarani: Maswali ya Madereva Walioko Marekani

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi ninayeishi Texas. Hivi karibuni nilisimamishwa na polisi kwenye barabara kuu, nikaandikiwa kwamba nilikuwa nikienda maili 79 kwa saa mahali ambapo mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 65. Sijawahi kuandikiwa kosa lolote tangu nipate leseni. Wenzangu kazini wananishauri nilipe haraka kwa intaneti ili yaishe, lakini binamu yangu wa California ananiambia kwamba yeye alisoma kozi na bima yake haikupanda. Je, nami ninaweza kufanya hivyo? Na je, kutia saini mbele ya askari hakukuwa kukiri kosa?

JIBU: Dada yetu, nianze na saini, kwa kuwa najua inawanyima wengi usingizi. Saini uliyotia ni ahadi tu kwamba utajibu shtaka mbele ya mahakama kufikia tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Haikuwa kukiri kosa. Kinachohesabiwa kuwa kukiri ni malipo yenyewe. Ukilipa faini yote kwa intaneti, kwa kawaida mahakama inaichukua hatua hiyo kuwa umekubali shtaka, unatiwa hatiani, na taarifa inapelekwa kwenye idara inayotunza kumbukumbu za madereva, ambako kampuni za bima huitazama. Ushauri wa wenzako umetolewa kwa nia njema, lakini ndio unaowafungia watu wengi mlango, na kuufungua tena baada ya kutiwa hatiani ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo usilipe kwanza.

Kwa maelezo uliyotoa, inaelekea unastahili kozi ya usalama barabarani, ambayo Texas inaitambua kisheria kuwa njia ya kufutiwa shtaka. Masharti yake makubwa ni haya: uwe na leseni halali na bima, uwe hujasoma kozi ya namna hii kwa ajili ya tiketi nyingine katika miezi 12 kabla ya kosa, mwendo uliozidisha usifike maili 25 kwa saa, nawe umezidisha 14, na kosa liwe halikutendeka kwenye eneo la ujenzi wa barabara wakati wafanyakazi wakiwa kazini. Ombi lazima lifike mahakamani kabla ya tarehe ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi, au siku hiyohiyo. Hapo utatakiwa kukubali shtaka au kutamka kwamba hulipingi, jambo ambalo huwatisha waombaji wasioelezwa kwamba hakimu anaahirisha hukumu na kukupa siku 90 za kukamilisha masharti. Katika siku hizo utasoma kozi ya saa sita iliyoidhinishwa na jimbo, ambayo inaweza kusomwa hata kwa intaneti, kisha utaipelekea mahakama cheti chako pamoja na nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu zako za udereva, ambayo huombwa kwenye Idara ya Usalama wa Umma ya Texas. Gharama za mahakama utazilipa, na kozi utailipia, lakini shtaka litafutwa na kampuni ya bima hairuhusiwi kukupandishia malipo kwa sababu ya shtaka hilo.

Naomba uzingatie sana siku hizo 90, kwa sababu wengi hujikwaa hapo na si kwenye kozi. Mtu anamaliza masomo, anakihifadhi cheti nyumbani akidhani shule imekwishakipeleka mahakamani, na muda unapita. Peleka nyaraka zote mwenyewe, tunza nakala, na mwombe karani akuandikie kwamba zimepokelewa. Ikiwa kwa sababu fulani kozi haikufai, iko njia nyingine ambayo hakimu anaweza kukubali kwa hiari yake, yaani kuahirisha uamuzi kwa muda usiozidi siku 180 kwa masharti kwamba usitende kosa jingine. Ukizitimiza siku hizo salama, shtaka hufutwa.

Binamu yako amekueleza kweli, ila ya jimbo lake. Kule California, anayestahili husoma kozi mara moja kila miezi 18, analipa faini kamili pamoja na ada ya mahakama, na kosa hubaki kwenye kumbukumbu likiwa limefichwa ili bima isilione. Nanyi Texas shtaka lenyewe linafutwa. New York ni tofauti kabisa, kwani kozi yao hupunguza hadi alama nne katika hesabu inayoweza kusababisha leseni kusimamishwa, na hupunguza malipo ya bima kwa asilimia 10 kwa miaka mitatu, lakini kosa halifutwi na linaendelea kusomeka. Jimbo la Washington halidai kozi: dereva anaweza kuiomba mahakama iahirishe uamuzi wa kosa moja la gari likiwa mwendoni katika kila miaka saba. Ndiyo maana kila anayeniandikia namwomba ataje jimbo lililotoa tiketi, maana ushauri uliomfaa jirani wa jimbo la pili unaweza kumpoteza mwenzake.

SWALI: Mshauri, mimi ni dereva wa lori mwenye leseni ya magari ya biashara. Nilikamatwa kwa mwendo kasi nikiwa na gari langu dogo, siku ya mapumziko, wala sikuwa kazini. Nimeambiwa na mahakama kwamba sistahili kozi ya kuficha kosa. Je, hii si dhuluma?

JIBU: Kaka, naelewa uchungu wako, kwa kuwa leseni hiyo ndiyo inayolisha nyumba yako. Hata hivyo mahakama haikukuonea. Kanuni ya serikali kuu inayakataza majimbo yote kuficha au kuahirisha hukumu ya kosa la barabarani, isipokuwa la kuegesha gari, la uzito wa gari au la ubovu wa gari, kwa mwenye leseni ya magari ya biashara, na katazo hilo linamfuata dereva hata anapokuwa kwenye gari lake mwenyewe.

Lakini kanuni hiyo inakataza kuficha hukumu. Haikunyimi haki ya kujitetea kabla ya hukumu. Unaweza kulikana shtaka, kuomba ushahidi, ikiwemo kumbukumbu za matengenezo ya kifaa kilichopima mwendo, na kumtaka askari aliyekuandikia afike atoe ushahidi. Mwendesha mashtaka akiona ushahidi wake una kasoro, anaweza kuliondoa shtaka au kulibadilisha. Kwako wewe, tofauti na dada wa swali la kwanza, naona fedha za wakili anayezijua kesi za madereva wa malori zimetumika vizuri. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa au zaidi kunahesabiwa kuwa kosa zito, na makosa mawili ya aina hiyo ndani ya miaka mitatu, ukiwa kwenye gari la biashara, yanakuondoa barabarani kwa siku 60. Matatu ni siku 120. Ukitiwa hatiani, lazima umjulishe mwajiri wako kwa maandishi ndani ya siku 30, hata kama gari lilikuwa lako. Tafadhali usilifiche jambo hili kwa mwajiri.

SWALI: Ndugu Mshauri, askari alikosea herufi moja ya jina langu kwenye tiketi. Rafiki yangu anasema tiketi ya namna hiyo ni batili na niitupe. Isitoshe, Kiingereza changu ni kidogo na naogopa kusimama mbele ya hakimu.

JIBU: Usiitupe. Kosa dogo la herufi kwa kawaida hurekebishwa na shtaka huendelea. Ukikosa kufika, unaweza kuongezewa faini, na katika majimbo mengi leseni husimamishwa au hati ya kukukamata hutolewa, hali ambayo ni nzito kuliko tiketi yenyewe.

Kuhusu lugha, una haki ambayo wasomaji wetu wengi hawaitumii. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imeeleweka kwa miaka mingi kuwa inazitaka mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu kuhakikisha kwamba asiyejua Kiingereza vizuri anaelewa na kueleweka. Piga simu kwa karani mapema, kabla ya tarehe ya kufika, umwambie kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na uandike jina la aliyekujibu pamoja na siku uliyopiga. Usimpeleke mtoto wako akutafsirie. Maneno ya mahakamani ni mazito kwa mtoto, na neno moja likitafsiriwa vibaya unaweza kujikuta umekubali shtaka ulilokusudia kulipinga.