Maswali na majibu: geti la uwanja wa ndege linakutambuaje?

Nikiweka pasipoti kwenye geti la kielektroniki nje ya nchi, mtambo unaingia NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, Tanzania) kunitafuta? (Morogoro)

Hapana. Geti linasoma chipu iliyo ndani ya pasipoti yako, basi. Pasipoti za kielektroniki, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa Januari 2018, zimebeba kwenye chipu taarifa zako na picha yako. Kwanza skana inasoma ile mistari miwili ya herufi na namba chini ya ukurasa wa picha. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda ndizo zinazotengeneza ufunguo wa chipu, ndiyo maana lazima uifungue pasipoti na kuilaza kifudifudi. Kisha mtambo unakagua saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Mtu akichezea picha iliyomo, saini inagoma. Mwisho kamera inakupiga picha na kuilinganisha na ile ya kwenye chipu: mmoja kwa mmoja.

NIDA inahusika mapema, siku ya kuomba pasipoti, pale unapodaiwa namba yenye tarakimu 20 inayoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tarehe ikiwa na kosa NIDA, kosa hilo litakufuata hadi kwenye chipu. Irekebishe kwanza, ndipo ulipie pasipoti.

Namba ya pasipoti nayo hupitishwa kwenye orodha ya pasipoti zilizoibwa au kupotea. Ukishatoa taarifa kwamba yako imepotea kisha ukaiokota uvunguni, usisafiri nayo.

Geti limenigomea, nikapelekwa kwa afisa. Tatizo ni mimi? (Nakuru)

Mara nyingi ni mkao au mwanga. Toa kava, bandika ukurasa wa picha bapa juu ya kioo, na usiunyanyue kabla ya kuambiwa. Simama juu ya nyayo zilizochorwa sakafuni, tazama kamera na si skrini, na usicheke, maana kwenye picha ya pasipoti hukucheka. Vua kofia, miwani na barakoa. Hijabu haina neno mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi kipaji.

Chipu nayo hufa: pasipoti imekunjwa, imefuliwa na suruali, au imepigwa pini za stepla. Hapo geti halikusaidii, ila afisa anaweza kuikagua kwa macho.

Pia kuwa na chipu si tiketi ya kila geti. Heathrow, kwa mfano, mageti hayo ni ya raia wa nchi zilizoorodheshwa na Uingereza, na Kenya na Tanzania hazimo.

Ni kweli kamera hizi zinatukosea sisi weusi? (Mombasa)

Nyingi, ndiyo. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha majaribio ya programu 189. Katika nyingi kati ya hizo, kosa la kumchukulia mtu kuwa mwingine lilikuwa mara 10 hadi 100 zaidi kwa sura za Waafrika na za Asia Mashariki kuliko za Wazungu, na wanawake waliathirika zaidi ya wanaume. Lakini zile bora kabisa zilikuwa na tofauti ndogo mno. Kwa hiyo wanunuzi wetu wa serikalini waulize matokeo ya programu yenyewe kwa sura za hapa kwetu, wasitosheke na wastani wa kwenye brosha. Wakague na mahali pa kuifunga: kamera ikielekea dirishani, uso mweusi unatoka kama kivuli hata programu iwe nzuri vipi.

Na pacha wa kufanana je? Hapo sura haitoshi, zichukuliwe alama za vidole.

Kwa nini kamera zisisake wahalifu kwenye kanzidata yote ya vitambulisho? (Dodoma)

Piga hesabu. Tuseme programu inakosea mara moja tu katika kila ulinganisho milioni moja. Kanzidata ina sura milioni 10. Kila abiria atafananishwa kimakosa na watu 10! Abiria 5,000 kwa siku ni majina 50,000 ya uongo, na hakuna polisi wa kuyafuatilia. Wamarekani, wakati wa kupanda ndege, hulinganisha abiria na picha za waliomo kwenye orodha ya safari hiyo tu. Kwa watu 300, kiwango kilekile kinazaa kosa moja kwa abiria zaidi ya 3,000.

Naweza kukataa kupigwa picha? (Zanzibar)

Inategemea uraia wako na mahali ulipo. Marekani, raia wao anaruhusiwa kukataa na badala yake kukaguliwa na afisa; akikubali, picha yake hufutwa ndani ya saa 12. Ya mgeni inaweza kuhifadhiwa hadi miaka 75. Ulaya, mfumo mpya wa mipakani ulioanza 12 Oktoba 2025 unamtaka mgeni atoe picha ya sura na alama za vidole vinne, na kumbukumbu hukaa miaka 3. Mwenye viza ya Schengen vidole vyake vimo tayari kwenye mfumo wa viza, kwa hiyo hubaki sura tu. Ukikataa, huingii.

Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza taasisi ina taarifa zako zipi na kudai zisahihishwe. Andika barua kwa taasisi yenyewe na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.