Boti ya zamani, bodifila mpya

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Dodoma mjini. Kuna boti ya matanga ya faiba ya mwaka 1974 inauzwa Dar es Salaam, nami nataka kuileta Bwawa la Mtera. Mwenye nayo anasema mabaharia wazoefu huziacha za kisasa kwa sababu faiba ya zamani ni nene, haifi. Ina malengelenge chini, lakini fundi wa gereji amesema atayaziba kwa bodifila, ile lipu ya kujaza mabonde ya gari, na atayamaliza kwa siku mbili. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hilo la unene naletewa kila mara, na kila mara linanichosha. Faiba ya polyesta hunepa, ndiyo maana wajenzi wa enzi hizo walirundika mikeka ya nyuzi za kioo. Boti yenye resini (gundi inayoshika nyuzi) nyingi na mikeka michache nayo ni nene, ila inabeba uzito tu.

Wanaozipenda za zamani wanapenda umbo. Mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu, usukani umeshikizwa nyuma yake, bodi jembamba na zito, omo, yaani mbele, inayopasua wimbi badala ya kulipiga kofi. Za kisasa ni pana hadi tezi, yaani nyuma, nyepesi, zina kasi na nafasi ya kulala, lakini nyingi mkuku wake ni kipande kilichofungwa kwa bolti. Baada ya mashindano ya boti za matanga ya Fastnet, Uingereza, ya 1979, ambapo mabaharia 15 walikufa, ilionekana kuwa baadhi ya boti pana na nyepesi zikipinduka hukawia kuinuka. Hayo ni ya bahari kuu. Mtera shida yako ni kina: uso wa maji kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pima kwanza mkuku unazama kiasi gani.

Sasa malengelenge. Maji hupenya ganda la nje, yakakutana na mabaki ya resini, yakawa uchachu unaonuka kama siki na kuvuta maji mengine. Maji ya bwawa yasiyo na chumvi huharakisha jambo hili kuliko maji ya bahari. Kwa hiyo kuileta huku si kuipumzisha. Dawa yake ni kufungua kila lengelenge, kuosha mara kadhaa, kukausha kwa wiki au hata miezi huku ukipima unyevu, ndipo upake epoksi, resini ngumu isiyopitisha maji kirahisi. Hakuna siku mbili hapo.

Bodifila ni ya bodi la gari. Ndani yake mna poda ya talki, inakunywa maji. Fundi anayeipaka chini ya mstari wa maji, hata awe na gereji kubwa namna gani, anaficha ugonjwa na kukuuzia rangi. Sisemi boti yako tu. Ngalawa za faiba, boti za wavuvi, matangi, yote wanayapaka hiyohiyo. Mwaka jana nilitoboa boti moja ya wavuvi upande wa Migoli, hapohapo Mtera, iliyokuwa inang'aa kama sahani. Maji yalichuruzika hadi kesho yake, na bodifila nikaitoa kwa vidole kama kiporo cha ugali.