Punguzo lina jina langu, dada anaweza kulitumia?

SWALI: Hoteli moja ya Nungwi imenitumia barua pepe yenye jina langu na msimbo wa punguzo la asilimia 20. Mimi sisafiri, ila dada yangu anakwenda fungate huko. Nimpe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mdogo wangu, usimpe kimyakimya. Misimbo ya namna hii mara nyingi hufungwa kwenye akaunti yako, na mapokezi huomba kitambulisho. Majina yasipolingana wanaweza kudai bei kamili, bibi harusi kasimama pale na mabegi! Sitaki hilo limpate. Wapigie kabla ya kulipa. Zipo hoteli zinazokubali wewe uweke nafasi, kisha waandike jina la mgeni. Wakikubali, wathibitishe kwa barua pepe, naye aende nayo. Punguzo la wakazi, yaani bei nafuu kwa wanaoishi nchini, ni jingine: hilo hufuata kitambulisho cha mgeni mwenyewe.