Krimu ya "kuamsha jeni": hela yako itunze

Dada wa Arua, Uganda, umeuliza kama krimu ya shilingi 85,000 inayodai "kuamsha jeni ya HAS2" itakurudishia ngozi ya usichana. Mimi nisingeitoa hela hiyo.

HAS2 ipo kweli, kwenye kromosomu ya 8. Hubeba maelekezo ya kuunda kimeng'enya kinachokaa kwenye utando wa seli. Kazi yake ni kuunga sukari za aina mbili kwa kupokezana, huku kikiusukuma mnyororo nje ya seli. Mnyororo huo ndio asidi ya hayaluroniki, kitu kinachoshika maji kwenye ngozi. Panya walioondolewa jeni hiyo maabara hufa wangali tumboni, moyo haujaumbika sawasawa. Kweli muuza vipodozi ndiye wa kuichezea?

Asidi yenyewe ikiwemo kwenye krimu hushika maji juu ya ngozi, basi. Molekuli zake kubwa hazipenyi ndani. Ipake ngozi ikiwa bado na majimaji, kisha funika kwa mafuta ya shea, huko kwenu yapo. Na kabla hujalipa geuza kopo: ukikosa alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), au ukiona haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, mwachie mwenye duka.