Je, kurudia maneno katika sala ni kupayuka?

Swali: Nimelelewa katika Ukatoliki hapa Malindi, na kila alfajiri husali rozari, nikirudia Salamu Maria kwa kuhesabu shanga, huku nikipika mahamri ya kuuza. Majirani zangu Wapentekoste, ambao huomba nao siku ya Ijumaa, wananiambia kwamba kurudia huko ndiko kupayuka-payuka alikokukataza Yesu. Je, niiache?

Jibu: Dada yangu, usiiache kwa sababu hiyo. Mstari wanaoutaja ni Mathayo 6:7, na kinachokatazwa pale ni kumimina maneno matupu kwa kudhani kwamba wingi wake ndio utakaomfanya Mungu asikie. Ndiyo maana wafasiri wetu walichagua “kupayuka”, ambalo kila Mswahili ajua kuwa ni kuropoka, si kurudia. Mistari miwili mbele, Yesu mwenyewe anawapa wanafunzi wake maneno yaliyo tayari, yaani Baba Yetu, na kule Gethsemane aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale (Mathayo 26:44).

Hata hivyo, majirani zako wamegusa jambo. Salamu Maria kumi za kila fumbo, yaani tukio la maisha ya Yesu na Mama yake linalotafakariwa, huushughulisha ulimi na vidole ili moyo upate kukaa ndani ya fumbo lenyewe, tuseme kuzaliwa kwa Bwana. Basi ikiwa hamri la mwisho latoka kwenye mafuta nawe umemaliza mafumbo matano bila kukumbuka hata moja, umehesabu tu. Ningekushauri usali fumbo moja, kabla hujawasha moto na kabla tuktuk hazijaanza kupita, ukitanguliza kifungu chake cha Injili. Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, alizitaja ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, na mwisho kutulia kimya mbele ya Mungu. Hiyo ya nne ndiyo tunayoiruka sote, Wakatoliki kwa haraka na Wapentekoste kwa sauti.

Maombi yao ya maneno yatokayo moyoni nayo yana mizizi katika Biblia. Zaburi ya 13 ni malalamiko ya wazi kabisa, na hapo wana la kukufundisha. Wewe nawe, Ijumaa ijayo, waombe mwanze kwa Zaburi ya 136, ukiongoza wewe na wao wakiitikia “kwa maana fadhili zake ni za milele”, mara zote 26.