Re: Pancha mbili siku moja, ni mkosi au nakosea?
Pole sana mkuu, ila hiyo uliyouliza ya kuziba pancha ya baiskeli halafu dakika kumi mbele upepo umeisha tena wala sio mkosi, mara nyingi ni mwiba bado umo ndani ya tairi. Mimi ilishanikuta, siku nzuri, jua la kiasi, barabara imenyooka, nikaziba tyubu kwa mbwembwe nikarudisha fasta bila kukagua, kidogo tu pssss... nilitamani kuitupa baiskeli kichakani. Siku hizi kabla sijarudisha tyubu napitisha vidole taratibu ndani ya tairi yote (angalia usijikate) na lile tundu la tyubu nalilinganisha na tairi nikianzia kwenye valvu (pale pa kujazia upepo), mwiba unakosa pa kujificha. Ukikuta matundu mawili yamekaa jirani kama imeumwa na nyoka, hapo upepo ulikuwa mdogo, wewe ukagonga shimo barabarani, rimu (duara la chuma la gurudumu) ikabana tyubu, we jaza vizuri tu. Na hiyo cheni yako inayochomoka mlimani, badili gia kabla mlima haujaanza, miguu ikiwa bado myepesi. Grisi ya cheni mikononi ndo sina dawa, mi hufutia majani.