Grafu iliyofanya nichekwe darasani sasa inapakia guta la mama

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu, kidato cha nne, kaniandikia: "Kaka, linia programingi naipenda, ila nikifika kwenye kutia kivuli napotea kabisa." Linia programingi ni ile hesabu ya kutafuta faida kubwa kabisa bila kuvunja masharti uliyopewa, kwa kuchora mistari kwenye grafu. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kidonda hicho nakijua.

Ilikuwa mtihani wa mock. Grafu yangu ilipendeza hadi nikatamani kuitundika ukutani. Nikatia kivuli upande nisioutaka, kama tulivyofundishwa, ili eneo linalofaa libaki jeupe. Dakika tano baadaye nikasahau, nikasoma kona za upande wenye kivuli (kona ni pale mistari inapokutana, na jibu bora hutafutwa hapo). Jibu langu likamtaka fundi wa kwenye swali ashone magauni mengi kuliko kitambaa alichonacho. Mwalimu akaisoma karatasi mbele ya darasa zima: "Huyu fundi kitambaa kakiiba wapi?" Leo nafundisha tuisheni Ujiji, watu wananiita mwalimu, na kile kicheko bado nakisikia. Yule mwalimu angeweza kuniita pembeni.

Basi mdogo wangu, ukimaliza kutia kivuli, andika neno HAPA katikati ya eneo lako. Ndiyo, kitoto hivyo hivyo. Kabla ya hapo, jaribu nukta (0,0) kwenye kila sharti: likikubali, upande wenye sifuri ndio wako. Mstari ukipita kwenye (0,0) yenyewe, chagua nukta nyingine. Kuchora mistari sisemi, hiyo mnaijua.

Sasa habari ya mama. Ananunua mzigo Mwanga, hapa Kigoma, anaupeleka minadani kwa guta. Dumu la mawese ananunua 50,000, faida 9,000. Gunia la chumvi ya Uvinza 20,000, faida 5,000. Mtaji wake 620,000. Guta linabeba kilo 500. Dumu lina kilo 20, gunia kilo 50. Kwa kuwa mawese yana faida nono, alikuwa akipakia mawese matupu: madumu 12, faida 108,000. Guta linaondoka na kilo 240, halijafika hata nusu, na mwenye guta anadai hela ileile.

Nikachukua karatasi. Madumu x, magunia y. Mtaji ukigawa kwa 10,000 unapata 5x + 2y ≤ 62. Uzito ukigawa kwa 10 unapata 2x + 5y ≤ 50. Halafu x ≥ 0 na y ≥ 0, masharti ambayo wanafunzi wangu wanayaruka kila mwaka kana kwamba mtu anaweza kupakia magunia hasi. Kona zikatoka nne: (0,0), (12.4,0), (10,6) na (0,10). Faida, 9,000x + 5,000y, ikawa sifuri, 111,600, 120,000 na 50,000. Madumu 10, magunia 6, guta limejaa na mtaji umeisha wote.

"Mwanangu, nauza mawese tangu hujazaliwa, leo unanifundisha kwa rula?"

Lakini alijaribu. Mzigo ukaisha, 120,000 mkononi. Sikusema kitu. (Nilisema kidogo.)

Ndiyo maana nawaka mkiniambia hili ni swali la kukariri. Leonid Kantorovich, Mrusi aliyeandika kuhusu hesabu hizi mwaka 1939, alianzia kwenye shida ya kiwanda cha plaiwudi: mashine zipi zifanye kazi ipi ili mbao zitoke nyingi. Mwaka 1975 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Ilianza na mzigo na mashine, mtihani ukaja baadaye. Wewe unakariri kona bila kujiuliza kama jibu lako linabebeka! Rudisha jibu kwenye masharti. Ningelirudisha langu siku ile, yule fundi asingeitwa mwizi.

Jumamosi mama kapiga simu mwenyewe. Faida ya chumvi imeshuka hadi 3,000, "grafu inasemaje?" Kona bora ikahama, ikawa (12.4,0). Ile 0.4 ya dumu hainunuliki, kwa hiyo nikapima nukta za jirani zenye namba kamili ndani ya eneo: madumu 12 na gunia 1, faida 111,000.

Kimya kidogo. Kisha: "Si ndivyo nilivyokuwa napakia?"

Nikamwambia ndiyo mama, kasoro gunia moja.